Sanduku la Dawa la Mama na Pakiti Tatu

Sauti ninayoikumbuka zaidi ya nyumba yetu ya Kasenga, mjini Uvira, si ya ziwa, ingawa ziwa lilikuwa hatua mia mbili tu kutoka mlangoni. Ni sauti ya komeo la sanduku la chuma: ka! kisha ta!, kavu, kama mtu anayevunja kuni. Sanduku hilo lilikuwa la kijani, refu kama mkono wangu wa wakati ule, na liliwahi kubeba risasi za askari kabla mama hajalinunua sokoni kwa muuza vyuma chakavu. Alilisugua kwa majivu na mchanga wa ziwani hadi maandishi yake yakafutika, akalianika juani siku tatu, kisha akaanza kulijaza pamba, bende na sabuni. Mfuniko wake ulikuwa na mpira pembeni uliozuia unyevu kuingia, na ndiyo sababu alilichagua. "Kama balilindaka risasi isilowe," aliniambia, "dawa ya batoto tutaiacha ilowe?" Kila lilipofunguliwa, harufu ya spiriti na sabuni ilienea nyumba nzima, nami popote nilipokuwa uani nilisimama kusikiliza. Hata leo nikisikia komeo la chuma likifunguka, nasimama.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko juu Bijombo. Alishuka kwetu mwisho wa kila muhula akiwa na gunia la viazi na koti lililonuka moshi, akakaa siku chache, akapanda tena. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya mama na mimi. Mama alikuwa na meza mbele ya mlango: chumvi, sukari, karanga, sabuni vipande. Chumvi, karanga na sukari tulizigawa katika vifuko vya nailoni, na kazi ya kuvifunga ilikuwa yangu. Unakunja mdomo wa mfuko, unaupitisha haraka juu ya ulimi wa mshumaa, nailoni inayeyuka na kushikana. Ukichelewa kidogo unatoboka. Ukiwahi sana haushiki. Nilipofika miaka kumi nilikuwa fundi wa kazi hiyo, na majivuno niliyokuwa nayo yalizidi ufundi wenyewe. Naitaja kazi hii mapema kwa sababu bila mshumaa ule nisingekuwa na la kusimulia.

Sanduku lenyewe lilizaliwa na mguu wangu. Nilipokuwa na miaka sita sufuria ya mawese yaliyokuwa yakikaanga mandazi ilinimwagikia mguu wa kushoto. Majirani walikuja mbio kwa upendo wote, kila mmoja na dawa yake mkononi: huyu dawa ya meno, yule mawese zaidi, na wa tatu kidonge cha rangi mbili. Kwetu kidonge cha rangi mbili hakimezwi tu; hupasuliwa na unga wake humwagwa juu ya kidonda kama chumvi juu ya samaki. Mguu ukaoza. Nilitambaa miezi miwili, na mama alipochoka kungoja alinibeba mgongoni hadi kituo cha afya. Muuguzi wa pale alimwuliza swali moja tu: "Mama, mulimwangia maji?" Hapana, hakuna aliyefikiria maji, na ziwa zima lilikuwa pale pale likitutazama. Mama hakulia mbele ya yule muuguzi. Alilia njiani, huku amenibeba, nami nikahisi mgongo wake ukitikisika na nikadhani anacheka. Wiki ile ile aliomba kuhudhuria mafunzo ya akina mama pale kituoni, na alipomaliza akaenda kutafuta sanduku.

Hakuwa na uwezo wa kulijaza kwa siku moja. Kila siku ya soko alirudi na kitu kimoja, akakionyesha kama mtu anavyoonyesha mtoto mchanga: leo plasta, juma lijalo mkasi, juma la tatu kipimajoto ndani ya bomba lake. Akapata bende pana na nyembamba, pamba, vitambaa safi alivyovichemsha mwenyewe, sabuni mpya ambayo ilikuwa haramu kuogea, dawa ya maji ya homa ya watoto pamoja na kijiko chake cha kupimia, na vidonge vya zinki. Na zaidi ya vyote, pakiti za serumu, ule unga wa kuchanganya na maji kwa mtoto anayeharisha. Ndani ya mfuniko alibandika karatasi yenye orodha kwa mwandiko wake mkubwa, na chini ya orodha akaandika sheria zake. Kidonda kwanza maji na sabuni. Aliyeungua kwanza maji baridi, na mengi. Dawa ya mtu mzima si ya mtoto. Dawa ya mwaka jana si dawa. Halafu sanduku likapandishwa juu ya kabati, mahali ambapo mtoto hawezi kufika. Alisahau kwamba mtoto mwenye kiti hufika popote.

Mtaa ulimcheka. Walimwita dokta wa sanduku, na wengine wakimwona anapita walijishika mgongo na kuulizana kama wachomwe sindano leo au kesho. Naye alicheka nao; mama alikuwa mtu wa kucheka. Lakini polepole watoto waliokatwa na chupa ziwani wakaanza kuletwa kwetu badala ya kupelekewa kidonge cha rangi mbili, na mama akawaosha, akawafunga, na waliohitaji kushonwa akawasukuma kituoni. Wa kwanza kuleta mtoto alikuwa Mama Sifa, jirani yetu wa nyumba ya sita kuelekea ziwani. Bintiye Sifa alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana, na Mama Sifa alikuwa pia na mtoto mchanga wa kiume aliyeitwa Baraka, mnene, ambaye tulimbeba kwa zamu mgongoni hadi akatupinda.

Lazima nieleze jambo moja la kwetu, wenyeji wanisamehe kwa kuwaambia wanalolijua. Uvira watu huogopa sumu. Mtu akikuchotea kinywaji hukionja yeye kwanza mbele ya macho yako, hata kama ni ndugu yako wa damu. Chupa hufunguliwa mbele ya mgeni, haiji tayari imefunguliwa. Si chuki, ni adabu. Mama aliifuata hata kwa dawa: kila kijiko cha maji ya homa alikionja kwa ncha ya ulimi kabla ya kumpa mtoto wa mtu. Kitu kilichofungwa kiwandani tu ndicho hakikuhitaji kuonjwa. Kikifungwa kimefungwa, walisema, mikono ya mtu haijaingia. Pakiti ya serumu mama aliitoa hivyo hivyo ikiwa imefungwa, na mtu akaenda nayo kwake kwa amani.

Mvua za mwaka ninaousimulia zilikuja kwa pupa. Mito ilishusha udongo wa milimani, ziwa likawa jekundu hadi mbali, bomba la mtaa likakauka wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watu wakachota ziwani, pale pale ambapo wengine waliogea na kufulia, na kila mtu mzima alijua ni ugonjwa gani unaofuata maji ya namna hiyo. Mama hakutulia. Alichemsha maji, akaweka matone ya dawa, akachemsha tena. Sanduku, ambalo zamani alilihesabu Jumamosi tu, sasa alilihesabu pia Jumatano: ka! ta!, na sauti yake ikitaja kila kitu kwa jina. Serumu zilikuwa kumi na mbili, zimefungwa kwa uzi kama kitita cha barua. Wasiwasi wake uliniambukiza. Sikuweza kukaa. Shuleni niliangalia dirisha, nyumbani niliangalia mlango, na mvua ilipotuzuia kutoka nilizunguka chumba kile kimoja hadi mama akanitishia kunifunga kamba kwenye mguu wa meza.

Lakini mvua zilileta pia maembe, na hapo ndipo shetani alipopata kiti. Tulikula maembe mabichi, yale magumu yanayofanya meno yaume, na embe bichi bila chumvi ni adhabu. Chumvi ya meza mama aliijua hadi punje. Serumu, kwa upande wake, ina chumvi na ina sukari, na ile ya mwaka ule ilikuwa na harufu ya machungwa. Nilijua kwa sababu nilikunywa nilipoharisha kidogo mwezi uliotangulia. Alasiri moja mama alipokwenda kuchota maji, nilipanda kiti, nikafungua komeo polepole nikiwa nimeliziba kwa sketi ili lisipige kelele, nikachomoa pakiti moja. Mimi na Sifa tulikaa nyuma ya choo chao tukachovya maembe katika unga ule, tukafumba macho. Nimekula vitu vingi tangu siku ile na sijapata kula kitu kitamu hivyo. Siku nne baadaye tulirudia. Wiki iliyofuata tukarudia tena.

Sifa hakujua nilichofanya baadaye. Hilo ni langu peke yangu. Mama alihesabu, na mimi nilihitaji kumi na mbili. Kwa hiyo kila mara nilikata pakiti kwa wembe upande wa chini, kwa uangalifu, na tulipoimaliza niliijaza unga wa muhogo. Unga peke yake ulikuwa mwepesi mno, nikauchanganya na chumvi ya kupikia niliyopangusa kutoka vifuko vilivyopasuka. Kisha nikawasha mshumaa wangu. Karatasi ya pakiti ina nailoni kwa ndani, inashika vizuri kuliko mfuko wa karanga. Niliitazama ile kazi na, Mungu anisamehe, nilifurahi. Hata mama asingeweza kufunga vile. Nilizirudisha chini kabisa ya kitita ili zisiguswe mapema, na Jumatano mama akahesabu kumi na mbili, akafunga sanduku. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa mimi.

Nilichosahau ni sheria moja ya mama, ambayo alikuwa akiisema kila Jumamosi na mimi nikisikia bila kusikiliza: za zamani zitoke kwanza. Mpya aliziweka juu. Akitoa, alitoa chini.

Ilikuwa Alhamisi, yapata saa tisa alasiri, mvua imekatika ghafla na jua linachoma matope. Mama Sifa aliingia bila kubisha hodi. Baraka alikuwa kifuani pake, na yule mtoto mnene sikumwona. Niliona macho yaliyoingia ndani na midomo mikavu. "Mama Feza, anaendesha maji tangu asubui. Maji tu, ya rangi ya muchele." Mama hakupoteza muda. Ka! ta! Akafungua uzi, akavuta pakiti mbili kutoka chini ya kitita, akaeleza haraka: lita moja ya maji yaliyochemshwa, kijiko kimoja kimoja, akitapika ungoje kidogo uanze tena, titi usimnyime, na ukisha kumpa vijiko vya kwanza umpeleke kituoni leo hii, usilale naye nyumbani. Mama Sifa akazishika pakiti, akatoka mbio. Nilikuwa nimesimama karibu na meza na mshumaa mkononi. Niliona upande wa chini wa pakiti zile, mstari wangu mzuri ulionyooka.

Sikusema neno. Nimejiuliza miaka mingi kwa nini, na jibu silipendi: niliogopa fimbo. Mtoto anakufa na mimi nawaza fimbo. Nilikaa kufunga karanga, nikatoboa mfuko wa kwanza, wa pili, nikaunguza kidole. Nikatoka uani, nikarudi, nikaenda chooni, nikarudi, nikaenda tena. "Weye pia unaharisha?" mama akaniuliza kwa hofu, akanishika paji la uso, na mkono wake ule wa huruma ulinichoma kuliko mshumaa. Nilijidanganya kwa kila njia. Labda atampeleka kituoni kwanza. Labda atakataa kunywa. Labda unga wa muhogo nao ni chakula tu, kwani tunakula kila siku. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilikuwa nimeficha maradhi ya mtoto ambaye si wangu.

Haikupita nusu saa. Sifa alitokea mlangoni akihema. "Mama Feza! Ile dawa imekuwa uji! Baraka anatapika, na mama anasema ukuye!" Mama alilikamata sanduku chini ya kwapa akakimbia nalo, kandambili moja ikabaki kwenye matope, nami nikamfuata. Ua wa Mama Sifa ulikuwa tayari umejaa wanawake. Mama Sifa alikaa juu ya mkeka, Baraka mapajani, na kando yake kilikuwa kikombe cha maji meupe mazito yaliyoanza kutuama. Mwanamke mmoja, ambaye simtaji maana ana wajukuu wema, alikiinua kikombe kile juu. "Mumeona? Kila siku anataka batoto yetu baende kwake. Hii haiko dawa. Hii ni sumu."

Neno hilo kwetu likishatoka halirudi mdomoni. Nimeona familia zikihama usiku mmoja kwa ajili yake, na nyumba zao zikibaki bila paa. Wanawake walirudi nyuma hatua moja, wakamwacha mama peke yake katikati ya ua. Mama alikichukua kikombe mkononi mwa yule mwanamke, akanywa fundo moja, akanywa la pili. Niliuona uso wake ukibadilika. "Ni unga," alisema kwa sauti ndogo, "unga na chumvi nyingi." Akapiga magoti, akafungua sanduku, akaigeuza pakiti iliyobaki chini ya kitita, akapitisha kidole upande ule uliofungwa. Halafu akainua macho akanitazama. Alijua. Katika Uvira nzima kulikuwa na mshumaa mmoja tu unaofunga vile, na yeye ndiye aliyenifundisha.

Lakini hakunisema. Aliitupa ile pakiti mbovu, akachukua iliyokuwa juu, mpya, akaomba maji. Hakuna aliyesogea. Akanyoosha mkono kumgusa Baraka kwenye utosi, na Mama Sifa, mwanamke aliyekuwa wa kwanza kumwamini, akamvuta mtoto kifuani. "Usimuguse," akasema. "Ninakuomba, usimuguse." Baraka alikuwa halii tena, na hilo lilikuwa baya kuliko kilio. Dawa ilikuwa pale, maji yalikuwa pale, na hakukuwa na mkono wa kumpa. Kama mama angesema ni mwanangu aliyefanya, wangesema anajificha nyuma ya mtoto. Hapo nilielewa, kwa akili yangu ya miaka kumi, kwamba mtu wa kusema alikuwa mmoja tu katika ua ule, na muda wa kusema ulikuwa unaisha.

"Ni minye!" Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Minye njo niliweka unga wa muhogo mule. Tulikula serumu na maembe, nikatia unga, nikafunga na bujio." Bujio ndivyo tunavyouita mshumaa. Wakanitazama kama mtu anayesema kwa lugha ya ng'ambo. Yule mwanamke akacheka kwa dharau, akasema huyo amefundishwa. Basi nikakichukua kikombe miguuni pa mama nikanywa chote kilichobaki, unga ukiniganda kooni, chumvi ikiniunguza, machozi yananitoka, na nikamwonyesha kikombe kitupu. Sifa, aliyekuwa amejibanza mlangoni, akaanza kulia kwa sauti. "Ni kweli, mama. Tulikula naye. Mara tatu. Nyuma ya choo."

Mama hakunipiga pale, wala hakunikumbatia. Alinisukumia pakiti mpya kifuani. "Changanya weye. Mbele yao." Maji Mama Sifa alikuwa nayo ya kuchemshwa, yamefunikwa. Nikaing'ata pakiti kwa meno mbele ya macho yao wote, nikaimwaga ndani ya chupa ya lita moja, nikatikisa. Maji yakabaki maangavu, ya kuonana upande wa pili, kama inavyotakiwa. Nikaonja kijiko, nikameza, nikasubiri. Nikampa Sifa, naye akaonja. Kisha nikakinyoosha kijiko, na Mama Sifa akanitazama muda ambao mimi niliuona mrefu kuliko mvua zote za mwaka ule. Akafungua mkono. Baraka alipopata kijiko cha kwanza alitoa ulimi kukitafuta cha pili.

Walipanda pikipiki, Mama Sifa na mtoto katikati na mama yangu nyuma ameshika chupa na kijiko, wakiruka madimbwi kuelekea kituoni. Mimi nilibaki na sanduku, nikiwa nimelikalia. Siku nne Baraka alikaa huko na sindano ya maji mkononi. Kila aliyepita barabarani nilimkagua uso kabla hajafika, nione amebeba habari gani. Siku ya tano walirudi kwa miguu, na Baraka alikuwa analia kwa hasira kwa sababu ya jua. Nililia kuliko yeye.

Fimbo niliipata, na niseme ukweli, niliipokea kwa nafuu. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mama hakutaka kulia peke yake. Lakini adhabu yenyewe ilikuwa nyingine. Alinipitisha nyumba kwa nyumba, zote zilizowahi kupewa kitu kutoka sandukuni, nikieleza kwa kinywa changu nilichofanya. Watu walinisikiliza, wengine walicheka, na hakuna aliyeleta mtoto kwetu tena msimu ule. Yusufu wa nyumba ya tatu alikanyaga bati, na niliwaona wakipasua kidonge cha rangi mbili na kumwaga unga wake juu ya kidonda, pale kwenye ngazi yao, huku mama amesimama mlangoni petu na bende mkononi. Kidonda kile kilioza, nami nilikihesabu katika madeni yangu. Mama aliendelea kununua kitu kimoja kila siku ya soko na kuhesabu kila Jumamosi, sanduku limejaa na hakuna wa kulifungulia. Alipomwona baba anashuka kutoka Bijombo alimsimulia yote mbele yangu, na baba, mtu wa maneno machache, akasema tu kwamba imani ya watu huingia kwa mlango na hutoka kwa dirisha. Ilichukua mwaka mzima kurudi. Mkono uliorudi kwanza kugonga kwetu ulikuwa wa mama yake Yusufu; Mama Sifa hakuja.

Ziwa sasa limekula ule mtaa wa chini. Pale ilipokuwa nyumba yetu watu hupita kwa mtumbwi, na nyumba ya Mama Sifa ni mawe na nyasi za majini tu. Tulihamia juu kidogo, mimi na mume wangu, mama pamoja nasi, na sanduku la chuma alinipa siku niliyoolewa. Limeshika kutu upande mmoja lakini mpira wake ungali mzima. Nina watoto wawili, wa miaka minne na miwili, na nimelijaza kama lilivyokuwa: plasta, bende pana na nyembamba, sabuni, mkasi, kipimajoto kipya cha kuwaka namba, dawa ya homa na kijiko chake, zinki, serumu. Nimeongeza namba ya simu ya dereva wa pikipiki anayejibu, jambo ambalo mama hakuwa nalo. Dawa za leo ni rahisi kupata kuliko za wakati ule, na za bandia nazo ni rahisi; kila pakiti naigeuza upande wa chini kabla ya kuinunua, na wauza dawa wanaona nina kichaa. Msimu wa maembe ukianza, nafungua pakiti moja mwenyewe, naimwaga kwenye sahani, naosha maembe mabichi, nawaita wanangu wachovye. Mama hutazama pembeni na kusema ninawaharibu. Lakini zilizobaki haziguswi na mtu, na anapozihesabu Jumamosi zinatimia.

Kitu kimoja hakijaniacha. Sitoi dawa bila kuionja. Naonja maji ya homa, naonja serumu, naonja hata maji matupu ya kumezea kidonge, na wanangu wanaamini kila mama duniani hufanya hivyo. Mwezi uliopita Mama Sifa alipanda hadi kwetu akiwa ameinama, tumbo limemsumbua tangu alfajiri. Ni mzee sasa. Baraka, ambaye ana ndevu na sauti ya kutisha, alimshika mkono hadi kwenye kiti. Nilifungua sanduku, ka! ta!, nikaona amelitazama. Nikang'ata pakiti mbele yake, nikachanganya, nikamimina kikombe, nikakipeleka kinywani mwangu kama kawaida. Mkono wake mkavu ukanishika kifundo cha mkono. "Leta hapa, Feza," alisema. "Usionje."

Akanywa chote, akanirudishia kikombe, akasema niongeze.